Chai ya Vikombe Viwili, Ghorofa ya Tano

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo mama? Kifua bado kinakusumbua baridi ikizidi? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Ijumaa nilistaafu. Miaka thelathini na sita ya kupiga pasi si mchezo! Hoteli nayo inatimiza miaka tisini, basi meneja amenizawadia siku moja katika chumba kikubwa cha ghorofa ya tano, kile walicholala wafalme wawili. Unakumbuka nilivyokusimulia ngazi za marumaru na lifti ya milango ya shaba? Nilisimulia ya kuambiwa. Sisi wa dobi tunaingilia nyuma, kwenye mapipa.

Kadi ya mwaliko inasema watu wawili. Tarehe kumi na mbili Aprili, saa nane mchana. Njoo.

Baba yako

20 Machi

Shikamoo Baba,

Kifua kimepoa, asante kwa kuniulizia.

Sitakuja. Hoteli ile sitaki hata kuiona. Siku Mama anakata roho nilimshika mkono peke yangu, nina miaka kumi na mmoja. Jirani alikwenda kukuita saa tatu asubuhi. Ukaja saa kumi jioni, unanukia sabuni. Nikakuuliza, "Ulikuwa wapi?" Ukasema, "Kazini." Basi. Kalalie mashuka yao, Baba. Ndiyo uliyoyachagua.

Mwanao

28 Machi

Mama,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hadi imelainika.

Jirani alifika saa tatu, kweli. Msimamizi aliupokea ujumbe akakaa nao kimya. Kulikuwa na karamu ya watu mia tatu, na vitambaa vya meza havijapigwa pasi. Aliniambia saa tisa, kazi ilipokwisha. Nilitaka kumvunja taya. Nikakufikiria wewe na ada ya shule, baada ya mazishi nikarudi kushika pasi, na mtu huyo nikamwamkia kila asubuhi miaka tisa. Ningekuambiaje kwamba baba yako alimeza hilo? Niliona heri unichukie kuliko unidharau.

Nitakungoja mlangoni.

Baba yako

15 Aprili

Mama,

Natumaini u mzima, maana kimya chako kinanitia wasiwasi.

Nilikwenda. Bawabu, tuliyekula naye jikoni miaka yote, alinifungulia mlango mkubwa akainama. "Karibu, mheshimiwa."

"Acha utani, wewe."

"Sitanii," akasema, machozi yakimlengalenga.

Chumba ni kizuri, nisiseme uongo. Dirishani unaona mji wote, hata bati letu. Sasa najua kwa nini watu walitoka mbali kukifuata. Ila ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Walileta chai, vikombe viwili. Nilivinywa vyote, wasije wakaniuliza mwenzangu yuko wapi.

Baba yako

22 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi mzima wa mwili.

Nilikuja. Saa nane nilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la viatu. Nilikuona na suti yako, umesimama mlangoni unatazama huku na huku. Macho yako yalinipitia yasinitambue. Miaka sita hatujaonana, Baba. Nimenenepa, na nywele nimenyoa. Nilishuka barabarani nivuke nikuite, nikarudi nyuma. Miaka ishirini nimekukasirikia, na ghafla sikujua hasira ile niipeleke wapi. Ukaingia. Nikarudi stendi, nikalia njia nzima.

Nimeomba likizo. Jumamosi nakuja nyumbani. Usinipokee stendi. Kaa ndani, nibishe hodi mwenyewe, na ukifungua usiseme kitu. Niache nianze mimi.

Mwanao