Hisa za Zuber na Mahari ya Nusrat

Tukuyu,
Jumapili.

Kwako mdogo wangu Zuber,

Assalaam aleikum. Natumaini hujambo na joto la Dar es Salaam halijakumaliza. Huku mvua haitupi nafasi hata ya kuanika kanga, lakini tu wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Ningekupigia simu, ila wewe neno likikuchoma unakata. Barua hii anaileta kondakta wa basi. Kesho utakuwa nayo.

Nimesoma ujumbe wako kwamba ile mahari ya Nusrat uitie kwenye hisa za kampuni ya Marekani inayotengeneza kompyuta za ajabu, harusi isogezwe mpaka zipande. Sikukimbilia kukupinga. Uliandika kwamba hisa ni kama parachichi, anayefaidi ni mwenye subira ya miaka kumi. Basi nikamuuliza Obed, anayetuuzia miche sokoni, kama angesubiri miaka kumi mche ambao hakuna aliyewahi kuona tunda lake. Alisema angepanda mmoja pembeni mwa shamba, aone. Migomba inayomlisha asingeikata kuupisha. Na mimi naona hivyo. Nunua kidogo, kwa hela ambayo hata ikipotea utalala usingizi, kisha zisahau. Kampuni inaweza kuwa kubwa kweli, na inaweza kufa kabla haijauza kompyuta hata moja. Wewe hujui, mimi sijui, na nadhani hata wenyewe hawajui.

Sasa nisamehe, maana nimekukosea. Ujumbe wako nilimwonyesha Nusrat. Aliusoma hapa dukani, akaurudia. Nilidhani atalia. Aliuliza tu kampuni hiyo umeipa miaka mingapi. Nikamwambia kumi. Akasema kampuni hiyo ina bahati. Kisha akanunua sukari yake akaondoka.

Na kuna jambo nilikuficha nisikutie presha. Watu wa Kawetele wamepeleka posa kwa kina Nusrat, na baba yake atawajibu Ijumaa. Wachumba wawili Nusrat alishawakataa kwa ajili yako, wewe hukujua. Safari hii amesema atamwachia baba yake aamue.

Nakupenda, Zuber. Nimekubeba mgongoni wewe, kwa hiyo nina haki ya kukusema: hisa zitauzwa hata wiki ijayo. Njoo kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wote unaokaa nao. Mama ameanza kukutandikia kitanda, na wala sijamwambia lolote.

Wasalaam,
dada yako,
Sauda