Kisanduku Chenye Matundu Mawili

Kansanga, Jumamosi jioni. Mvua imepiga mabati tangu asubuhi, ikakatika mchana, na sasa barabara ya Ggaba inanuka matope na kuku wa kuchoma. Nimechoka, nina furaha, na vidole vyangu vina rangi ya kijani. Nitaeleza.

Jumatatu mama mkwe wangu anafanyiwa upasuaji wa rovu. Uvimbe huo amekuwa nao shingoni tangu wakiwa Bukavu, akiufunika kwa kitambaa cha kitenge kama pambo. Daktari alituambia bila kuzunguka: mshipa unaoongoza sauti unapita palepale. Wengi wanatoka salama, alisema, lakini hawezi kuapa kwamba sauti itarudi ilivyokuwa.

Mama alifunga vizuri kitambaa chake, akauliza kama hospitalini wanaruhusu chai.

Mimi ndiye niliyeogopa. Kuna wimbo ambao mama huuimba nyumbani, alioutunga mwenyewe, na kila mtu wa nyumba hii ana ubeti wake. Wa mume wangu, Baraka, unasema aliiba maziwa akamsingizia paka. Wa wifi yangu unasema alilia siku ya arusi hadi bwana arusi akataka kurudi kwao. Hakuna aliyewahi kuuandika wala kuurekodi. Ukimwomba mtu yeyote wa familia auimbe, atakuimbia ubeti wake tu, tena vibaya. Wimbo mzima uko kwenye koo moja, na Jumatatu koo hilo linapasuliwa.

Basi nikaamua: tutaurekodi, hapa nyumbani, kwenye kompyuta yangu ya mitumba, na tutaurekodi vizuri. Simu nilikataa. Simu ni ya kurekodia ugomvi.

Jumatano nikashuka mjini kununua vifaa. Watu wanaoanza huwa wanafanya makosa yaleyale, na mimi nilikuwa nimesoma vya kutosha kuyakwepa. Muuzaji aliliangalia gauni langu la kitenge, akaona mteja wa kufungwa kamba. Akaniletea maikrofoni kubwa ya kondensa, inayong'aa, ya kuwekwa kwenye meza kama sanamu.

“Nyabo,” akaniita kwa heshima ya hapa, “hii iko muzuli sana. Inasikia kila kitu, mpaka mtu anapumua.”

Hapo alijiharibia mwenyewe. Nyumba yangu imeshikana ukuta na kanisa lenye spika nne. Upande wa pili kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Juu yetu ni mabati. Maikrofoni inayosikia kila kitu naipeleka wapi? Ningerekodi mtaa mzima, na mama awe anasikika kwa mbali akiomba njia. Nikamwambia anipe ile nyeusi, ya dainamiki, nzito kama mchi, ambayo haisikii mpaka uisogelee. Akanionya kwamba rahisi ni ghali. Nikamjibu kwamba ghali isiyonifaa ni ghali zaidi.

Hedifoni nilichukua zile zinazofunika sikio lote, ili sauti isivuje ikarudi kwenye maikrofoni. Spika sikuchukua, spika zitangoja. Programu ya kurekodi ninayo, ya bure, na inanitosha.

Kilichobaki kilikuwa kile kisanduku kinachochukua sauti kutoka kwenye maikrofoni na kuipeleka kwenye kompyuta. Kulikuwa na chenye tundu moja na chenye matundu mawili. Nilichukua cha mawili. Baraka alipokiona alicheka, akauliza mama ataimba kwa midomo mingapi. Nikamwambia nyumba hainunuliwi mlango mmoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza kwaya, magitaa, wateja. Nilikuwa nimeshaona kibao cha studio yangu nje ya geti.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, na nilijiandaa kama jenerali. Nilisimamisha godoro ukutani. Nikatundika blanketi dirishani ili sauti isigonge vioo ikarudi. Nikazima friji. Nikaenda kanisani kuomba wacheleweshe mazoezi, wakakubali kwa sababu ya mama; fundi wa vyuma naye akakubali kuzima mashine. Nikazunguka ua mzima, maana hapa kwetu sisi Wakongomani ni wengi, na Jumamosi kila mlango una kinu na kila kinu kina sombe. Yale majani ya muhogo yakianza kutwangwa, hata redio inanyamaza. Niliwasihi wote, mlango kwa mlango, leo wasitwange. Mama Bahati wa mlango wa tatu, ambaye majani yake yalikuwa tayari yamechambuliwa, alinikunjia uso lakini akaweka mchi chini. Na kwetu wenyewe nikapika kabichi.

Mvua ilipokatika na ukimya ukatanda, nilijisikia fundi kamili.

Mama akasimama mbele ya maikrofoni, hedifoni juu ya kilemba chake. Nikabonyeza. Akaimba.

Ilikuwa mbaya.

Noti zilikuwa sawa, maneno yalikuwa sawa, lakini ilikuwa kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu mtihani. Alipofika kwa mwanawe wa tatu akasahau ubeti. Akasimama, mikono imening'inia pembeni, akiangalia godoro.

Sasa, kuna jambo lazima lieleweke. Mama mkwe haamrishwi. Mimi hata jina lake silitamki, na nikipita mbele yake ameketi nainama kidogo. Nitamwambiaje mtu huyo rudia, umekosea? Nilikuwa nimeliwaza hili mapema na nilikuwa na dawa yake.

“Mama,” nikasema, “kompyuta inaomba mrudie.”

Akaiangalia kompyuta kwa muda. Akarudia. Ikawa mbaya zaidi. Kompyuta ikaomba tena, kwa heshima zote. Mara ya tatu mama akavua hedifoni.

“Hii kompyuta yenu haina adabu,” akasema. “Na miye niko nasimama hapa kama mutu wanapiga picha ya paspoti. Mikono yangu iko inafanya nini?”

Nikamwambia mikono ipumzike.

“Mikono ikipumzika, wimbo utatoka wapi?”

Niliketi kwenye kitanda kisichokuwa na godoro, nikajisikia mjinga kabisa. Miaka yote niliyoolewa katika nyumba hii nimeusikia wimbo ule kupitia dirisha la jikoni, na kila siku niliyousikia, mama alikuwa anatwanga. Kila siku! Mchi unapanda anavuta pumzi, mchi unashuka neno linatoka. Na mimi, mtaalamu, kinu nilikiweka kwenye kundi moja na spika za kanisa na fundi wa vyuma. Nilinyamazisha ua mzima, na pamoja nao nikaunyamazisha wimbo.

Nilitaka kulia, kwa sababu Jumatatu haisogezwi.

Lakini mimi si mtu wa kulia huku vifaa vimewashwa. Nilitoka mbio kwa Mama Bahati kumwomba yale majani yake. Alinicheka kwanza mpaka akashika mlango. Asubuhi umekuja kunyamazisha sombe yangu, akasema, sasa umekuja kuichukua! Akanipa beseni lote, kwa sharti kwamba irudi kwake imetwangwa.

Na hapo ndipo kisanduku changu cha matundu mawili kilipojibu kicheko cha Baraka. Ningekuwa na tundu moja ningelazimika kuchagua: au kinu kimfunike mama, au mama asikike bila kinu. Nina maikrofoni ya zamani ya kwaya, yenye wavu uliobonyea, isiyotamaniwa hata na mwizi. Nikaichomeka kwenye tundu la pili. Kinu chetu nikakiweka juu ya kitenge kilichokunjwa mara nyingi, ili mshindo usipite sakafuni ukapanda kwenye stendi ya mama. Maikrofoni ya kinu nikaipunguza hadi taa nyekundu ya kisanduku, inayoonya kwamba sauti imezidi, ikaacha kuwaka. Ile mpya nikaishusha karibu na mdomo wa mama, maana mtwangaji hainui kichwa. Hedifoni nikavaa mimi. Yeye nikamwacha na masikio yake.

Baraka akaja kusimama mlangoni. Hakusema kitu kuhusu midomo.

Mama akanyanyua mchi, na nyumba ikaamka.

Sijui kuandika sauti. Ninachoweza kusema ni kwamba ule ubeti wa mwanawe wa tatu ulirudi wenyewe, bila kuitwa, na nyuma yake ukaja mwingine ambao Baraka anaapa hajausikia tangu wavuke mpaka. Nje, wanawake wa ua wakaanza kuitikia. Blanketi halikuwazuia na mimi sikutaka wazuiwe. Kanisa nalo likawa limechoka kungoja, likaanza mazoezi. Maikrofoni yangu nyeusi haikulisikia kanisa hata kidogo. Yule muuzaji angekuwepo ningemtazama tu.

Nilidhani amemaliza. Nilikuwa nimeshapeleka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Lakini mchi haukusimama, na mama, bila kunyanyua macho kutoka kwenye kinu, akaanza ubeti ambao hakuna aliyeujua.

*Mukazamwana wa nyaya,*
*amefunika madirisha,*
*amenyamazisha mutaa muzima,*
*ili asikie mama mumoja.*

Mukazamwana, yaani mke wa mwana, ni mimi. Ubeti wangu. Katika nyumba hii kila mtu ana ubeti, na mimi sijawahi kuwa nao, wala sikuwahi kuthubutu kuuliza. Nilijiambia kwamba beti ni za watoto wa damu. Leo nililia, vifaa vikiwa vimewashwa, na kilio kimo humo kwenye rekodi, tundu la kwanza na la pili. Sitakikata.

Kisha mama akaacha mchi. Ubeti wa kila mtu una mistari minane. Wangu ulikuwa na minne. Nikajipangusa uso, nikamwambia, kwa lugha ile tuliyozoea sasa, kwamba kompyuta inaomba mistari iliyobaki.

Akachota sombe kwa kiganja, akaitazama kama imelainika. Akafunga upya kitambaa chake shingoni.

“Ingine nitaweka nikitoka hospitali,” akasema. “Hata na sauti ya chura. Ambia iyo kompyuta ingoje.”

Godoro limerudi kitandani, friji inanguruma, sombe niliyomalizia kuitwanga mwenyewe, iliyonipaka vidole kijani, iko kwa Mama Bahati na sahani yetu imekwisha letwa. Rekodi nimeihifadhi sehemu tatu. Stendi, kinu na waya wa tundu la pili sijavigusa. Nimeviacha vilivyo, katikati ya chumba, tunavizunguka tukipita.

Kompyuta inangoja.