Debe la Mafuta ya Alizeti

Chanzuru, Kilosa
9 Desemba 1974

Mdogo wangu Hildegarda,

Nakusalimu katikati ya njaa hii, tena nakushukuru. Debe la mafuta ya alizeti limefika.

Mashine ya kijiji ilikuwa imelala kwa kukosa dizeli, na mahindi ya msaada yalikuwa yakingoja kusagwa. Mwanao Ulimboka, fundi wetu, akaniomba debe lako, nami nikakubali. Mafuta ya kula huwaka kama dizeli, ila ni mazito mno, injini hushindwa kuyapuliza. Ukiyapasha moto huwa mepesi. Tukayapasha. Injini ikaunguruma, tukashangilia.

Mara watoto wakaja mbio na bakuli. Moshi ulikuwa ukinukia maandazi!

Jirani yangu Joha akawafuata. "Shikamoo Mwalimu. Mnakaanga nini?"

"Marahaba. Ni mashine, mama."

"Kumbe! Mashine inakula mafuta, wanangu wanakula harufu?"

Hilde, nikaizima injini mwenyewe. Mafuta yaliyobaki tumegawana, na mahindi yanatwangwa kwa kinu. Ulimboka amenuna.

Watoto hawakuondoka. Walilizunguka bomba la moshi mpaka likapoa.

Kaka yako, ambaye bado hajapata usingizi,
Beda