Kimya cha Mama

Kwako kaka yangu,

Nianze na salamu, maana Mama alitulea kwa adabu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na watoto hawajambo. Mimi mwili mzima, ila moyo umefura, na nakuandikia kabla hasira haijapoa.

Uliniuliza kwa nini sikujibu ujumbe wako wa kumhamisha Mama. Nilikuwa nimebanwa ofisini. Unajua tunatengeneza programu inayosimamia majokofu ya ghala za dawa. Ikiwashwa, inasoma yenyewe kila faili la mipangilio inalolikuta kwenye folda, haimuulizi mtu. Fundi mmoja alisahau humo faili lake la majaribio, lile linalozima kengele. Programu ikalimeza. Usiku umeme ukakatika, majokofu yakafa, kengele kimya, dawa za watoto zote zikaharibika.

Nilimwambia bosi kwamba faili ambalo hakuna aliyelitaja lisisomwe, na linalohitajika likikosekana, programu igome na ipige kelele. Akacheka. Akasema wateja hawapendi kelele, na kama hakuna aliyekataza, basi ruksa. Jioni nikafungua simu, nikakuta na wewe umeandika yaleyale: asiyejibu amekubali.

Yaani mimi, Kasuku wenu, nakaa kimya mara moja tu maishani, nawe unanihesabu upande wako! Ukamtoa Mama kwenye nyumba aliyoijenga, ukamtia chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Nilipokupigia ukasema hata Mama mwenyewe hakupinga. Hakupinga! Mtu ambaye kiharusi kimemnyang'anya ulimi, apinge kwa kitu gani? Huna haya hata kidogo.

Sasa nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa majirani. Jana, ulipokuwa umesafiri, nilikuja kwako. Wifi ndiye aliyenifungulia, na ole wako umgombeze. Nilimshika Mama mkono wa kushoto, ule wenye nguvu, nikamwomba anibane kama anataka kurudi kwake. Alinibana mpaka pete ikaniumiza, na hakuniachia mpaka tulipofika mlangoni kwake.

Yuko kitandani pake, nami nimehamia hapa. Bosi naye nimemwambia sirudi mpaka programu yake ijifunze kuuliza.

Karibu umwone. Ukifika, mpe mkono, umuulize, kisha usubiri. Nibusie watoto, na wifi mwambie ahsante.

Mimi mdogo wako, ambaye leo amekujibu,
Kasuku