Sindano Ambayo Sikuchomwa

Bibi yangu Kabula,

Shikamoo. Najua ungeitikia "marahaba" haraka, kisha ungenisalimia upya kwa Kisukuma, maana ulikuwa ukisema salamu ya Kiswahili ni fupi mno, haiulizi hata habari za ng'ombe. Ng'ombe sina, Bibi. Nina mbuzi wawili hapa Igogo na jirani anayelalamika juu yao kila wiki.

Barua hii nimeiacha wazi, aisome atakaye. Nimefanya hivyo kwa sababu uongo wangu niliusema mbele ya kijiji kizima, na sioni haki ya kuja kuungama kwa kunong'ona. Nimeshakuwa mzee kuliko wewe ulivyokuwa mwaka ule, na bado nikiukumbuka mkutano ule masikio yananiwaka moto.

Unakumbuka tulivyohamishwa? Wenzako walishuka kwenye lori na vinu, kuku na magodoro. Wewe ulishuka umekumbatia sufuria iliyotoboka, imejaa miche na udongo wa kule tulikotoka. Dereva alikucheka. Nyumba mpya zilikuwa zimepangwa mistari kando ya barabara ya Magu, na wewe hata kabla ya kuulizia mlango wako ulianza kutafuta mahali pa kupanda. Mchaichai ulishika. Kivumbasi kilishika, na shubiri, ambayo haijui kukataa. Mingine ilikataa udongo wa pale ikafa, na kwa ajili ya hiyo ukawa unarudi kwa miguu mpaka mahame, kule tulikoziacha nyumba zetu zikibomoka.

Mimi nimelelewa na majani yako. Mafua yakinibana ulinifunika blanketi juu ya chungu cha kivumbasi mpaka natoka jasho na machozi pamoja. Tumbo likichafuka ulichemsha majani ya mpera, ukanishikisha kipande cha muwa ili ninywe bila kelele. Na shubiri ulinipaka kidoleni nilipokuwa mkubwa wa kwenda shule na bado nakinyonya. Nililia siku nzima. Ulisema, "Lia tu, mwanangu, kidole nacho kimechoka kunyonywa."

Kisha nikaenda mjini kwenye kozi ya afya ya miezi sita, nikarudi mtu mwingine. Nilirudi na baiskeli, kaunda suti moja na picha kubwa ya nzi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikihimiza vyoo na maji ya kuchemsha, na hayo sijutii hata kidogo, maana watoto wengi waliacha kuhara. Ila niliongeza na yangu. Nilisema dawa za majani ni ujinga wa zamani, kijiji cha ujamaa hakitaki mambo ya vichakani. Nikitoka kuyasema hayo nilikuja kwako kula ugali na sato. Ulinipakulia kipande cha kichwa kama kawaida.

Katibu Kata alinipenda. Alikuwa akitafuta kijana mmoja wa kumpendekeza kwenda kusomea uganga wa zahanati miaka mitatu, na kila mtu alijua ananitazama mimi.

Hapo ndipo likaniota jipu, Bibi, na likachagua tako la kulia.

Zahanati ilikuwepo, mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Lakini nesi wa pale ni yule binti niliyekuwa nimemwandikia barua mbili, na ya tatu ilikuwa mfukoni. Ningeanzia wapi kumvulia suruali? Nikajikaza. Siku ya nne sikuweza kupanda baiskeli wala kukaa. Nilikuja kwako nikala nimesimama, nimeegemea mlango, najifanya naangalia barabara.

"Masanja," ukasema, "siku hizi unakula kama punda?"

"Nina haraka, Bibi."

"Haraka ya wapi na baiskeli umeiacha nyumbani? Geuka."

Sikugeuka. Ulinigeuza mwenyewe, ukabonyeza mara moja tu, nikapiga yowe mpaka kuku wakatawanyika. Hukuniuliza habari za ujinga wa zamani. Kesho yake alfajiri ulikwenda mahame, peke yako, na goti lako lile bovu, ukarudi jua la utosi na majani yamefungwa ndani ya kanga yenye maji. Uliyalainisha juu ya makaa, ukayatwanga na samli, ukaniambia nilale kifudifudi kama mtoto. Siku ya tatu jipu likapasuka. Ulinikanda kwa maji ya moto yenye chumvi huku ukicheka, nami nikicheka kwa raha ya kupumua.

Nilipovaa suruali ulinionyesha ile kamba yako ya katani iliyokuwa ukutani juu ya kitanda. Niliifahamu tangu utoto. Kila ulipochuma dawa kwa ajili ya mgonjwa ulipiga fundo, na dawa hiyo ikawa imefungwa kwake. Hukuichuma tena kwa mtu mwingine wala hukumwonyesha mtu, mpaka mgonjwa asimame mbele ya watu na kusema amepona na nani kamtibu. Hukutaka kuku wala mbuzi, ulitaka kauli tu. Akishasema, unafungua fundo. Ndivyo ulivyofundishwa na mama yako, naye na wake.

"Mkutano upo Jumapili," ukaniambia. "Maneno mawili yatatosha."

Nikaitikia. Nakuapia, Bibi, wakati naitikia nilikuwa na nia ya kusema.

Jumapili Katibu Kata alikuja mwenyewe, akaketi mbele ya ofisi ya kijiji. Wewe ulikuwa benchi la pili, umejifunga kanga yako nzuri. Mzee Ndaki, balozi wetu wa nyumba kumi, akasimama. Sasa najua alinifungulia mlango makusudi.

"Kijana wetu wa afya," akasema, "juzi tulikuona unachechemea kama bata, leo unatembea kama askari. Tuambie, nani kakuponya?"

Watu wakacheka. Wote walijua ulikwenda mahame, walikuona ukirudi. Nilimtazama Katibu Kata, naye alikuwa amekunja miguu ananisubiri, na kalamu iko mkononi.

"Sindano," nikasema. "Nilikwenda hospitali mjini, nikachomwa sindano moja tu. Ndugu zangu, hizi dawa za majani tuziache."

Kicheko kikakatika. Mzee Ndaki akaketi polepole. Kisha, Bibi, nikasikia makofi. Ulikuwa ni wewe. Ulipiga makofi peke yako, ukasema kwa sauti ili mgeni asikie, "Selikali inatusaidia sana!" Ndipo wengine nao wakapiga. Uliona nimekwama, ukanivusha. Ungenitukana pale mbele za watu ningekuwa nimeshapona siku nyingi.

Nafasi ya masomo nikaipata. Nikiwa nafunga sanduku kwako, Mama Shija akaja na mwanawe ana jipu shingoni, mtoto hawezi kugeuza kichwa. Akakuomba yale majani yaliyomsaidia Masanja. Alisema hivyohivyo, jina langu, na mimi niko nyuma ya pazia.

"Hiyo imefungwa, Mama Shija. Mpeleke zahanati."

"Imefungwa na nani?"

Ukamwelekeza tena njia ya zahanati. Akaondoka kwa hasira, anasema umeogopa wakubwa mpaka unawanyima watoto. Ningetoka tu nyuma ya pazia nikasema maneno mawili mbele yake na mwanawe, ungekwenda mahame jioni ile ile. Nilibaki nakunja shati, nikalikunjua, nikalikunja tena. Mtoto alipona zahanati, nashukuru, lakini mama yake hakukusalimia mwaka mzima.

Kila likizo nilikuja na sukari na sabuni, na kila nilipoingia jicho langu lilikwenda ukutani. Mafundo mengine yalikuja na kuondoka. Langu lilibaki. Hukulitaja hata siku moja. Uliniuliza habari za masomo, za mke niliyemwoa, ambaye hakuwa yule nesi, na jinsi watu wa Ukerewe walivyonipokea kwenye kituo changu cha kazi.

Ulipofariki nilivuka ziwa nikawahi matanga. Shangazi Nyanjige, mwanao wa mwisho, aliishusha kamba akaishika mbele yetu wote. "Hili fundo moja ni la nani?" akauliza. "Mwenyewe aseme, mama apumzike."

Nikasema pamoja na wengine kwamba sijui. Nilikuwa mganga mkuu wa zahanati, nina miwani na saa ya mkononi, na nilikudanganya mara ya pili ukiwa kaburini bado udongo ni mbichi.

Nimefanya kazi ya sindano na vidonge maisha yangu yote, Bibi. Nimeona watu wakifufuka kwa chupa ya maji mshipani, na wengine wakiletwa wamechelewa kwa sababu ya majani ya watu wasio na uangalifu wako. Kwa hiyo sisemi kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi na kozi yangu ni bure. Nasema ulinitibu nikakukana, ukanipigia makofi, na nimeona aibu kwa hilo kila siku ya kazi yangu.

Basi, mbele ya atakayesoma: nimepona. Jipu la mwaka ule sikuchomwa sindano yoyote. Aliyenitibu ni bibi yangu Kabula, kwa majani aliyoyachuma mahame.

Kabla ya kuandika nilimwendea Shangazi Nyanjige nikamwambia fundo lilikuwa langu. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nakusubiri uzeeke." Kisha nikamwomba anipeleke mahame, anionyeshe yale majani, ili angalau nijue nilichokikana. Tulikwenda. Kuta zimeshakuwa udongo, vichaka vimejaa mpaka kisimani. Shangazi akasimama katikati akiwa na fimbo yake.

"Kwani mimi nayajua?" akasema. "Yalikuwa yamefungwa. Alikufa hajamwonyesha mtu."

Tulizunguka mpaka jua likachwea. Nilichuma jani hili na lile, nikasaga vidoleni, nikanusa. Sikulitambua hata moja.

Lala salama, Bibi. Nisamehe ukiweza.

Mjukuu wako,
Masanja