Mboga za Maskini

Kericho, Jumapili

Dada yangu Edinah,

Salamu nyingi zikufikie huko Chebunyo, wewe, mzee na watoto. Mvua imeshanyesha kwenu? Sisi tunasimama kwa neema ya Mungu, ila mimi nina hasira.

Chelangat wangu, miaka tisa tu, ana kilo hamsini na sita. Jumatano alianguka darasani, tukamkimbiza hospitalini. Sukari imepanda vibaya. Daktari akauliza anakula nini. Mume wangu Kipkurui akajibu kwa majivuno kwamba kwake chipsi, soseji na soda hazikosekani, na mtoto wa meneja wa chai hawezi kulishwa mboga kama watoto wa wachumaji. Nilitaka ardhi inimeze! Daktari akasema watoto wa wachumaji huletwa kwa kukonda kwa sababu wazazi wamekosa pesa, kisha akatuuliza sisi tumekosa nini.

Nimewakasirikia wote. Mama mkwe anayafinya yale mashavu akisema ni baraka. Akina mama wa kanisa wanasema ukimwona mtoto unajua baba ana kazi. Na Kipkurui, mtu wa digrii mbili, anauza maziwa yote ya ng'ombe wetu halafu anarudi na kreti ya soda! Shule iko karibu, dakika kumi kwa miguu, lakini lazima apelekwe kwa gari. Elimu gani hii?

Lakini mwenye makosa makubwa ni mimi. Desemba Chelangat alirudi kutoka likizo kwako amepungua, amechangamka, anadai isagek, zile mboga zetu za kienyeji, mezani badala ya soseji. Kipkurui akasema watu watadhani amefutwa kazi. Nikakupigia simu, nikakutukana kwamba umemnyima mtoto chakula. Tangu siku hiyo hujapiga simu tena.

Dada, ile barua uliyoweka kwenye begi lake, kwamba zahanati yenu imempima sukari na apelekwe hospitali kubwa haraka, niliisoma. Nikaichana. Nilisema aliyeachia darasa la sita hawezi kunifundisha mimi mwalimu. Miezi mitano imepita!

Na alipouliza kwa nini mama mkubwa hapigi simu, nilimwambia umemchoka. Leo nimemweleza ukweli. Amegeukia ukuta tangu asubuhi.

Mpigie yeye, tafadhali. Mimi unaweza kuniacha.

Wasalimie wote nyumbani.

Mdogo wako,
Chemutai