Kwa Baba, Aliyebaki Kwenye Sijda

Mwaka umezunguka, Baba Abdulkadiri, tangu alfajiri ile ulipotutoka, na nyumba yetu ya Tangini bado haijazoea.

Tunakumbuka muhogo wako wa Marui na kelele zako sokoni: "Ukiwa mchungu niletee hata maganda, hela yako nakurudishia!" Hakuna aliyewahi kurudi. Tunakumbuka bomba ulivyolifungua taratibu usiku usije ukatuamsha, ukatawadha, ukasimamisha swala yako ya tahajudi pale sebuleni huku mtaa mzima unakoroma. Na sijda zako ndefu, jamani! Mwanao Bilali alizoea kukutania, "Mzee keshafika Makka, atarudi na basi la asubuhi." Nawe ulikuwa ukicheka.

Usiku ule mwanao Maulida aliamka kunywa maji, akakukuta umesujudu. Alipokuwa mdogo aliwahi kukukatiza mbele ukiswali, ukamwambia, "Mwanangu, ukimkuta mtu yuko na Mola wake, mpishe." Basi akakupisha. Akanyata, akarudishia mlango, akalala. Adhana ilipomwamsha alikukuta vilevile. Ulikuwa bado unapumua, Baba. Hospitali wakasema ni kiharusi, na kwamba tumechelewa mno. Jua halijachomoza, ukakata roho.

Waliokuja msibani walitupa mkono wakisema, "Kasujudu mpaka mwisho, hongereni, nani asiyetaka kufa hivyo?" Maulida aliitikia, "Alhamdulillahi," kisha akaenda uani kutapika. Leo tunalisema hadharani kwa sababu linamla mtoto wako, naye amekonda hadi anatutisha.

"Ulimtii baba yako," Mama humwambia kila mara.

"Ningemgusa bega tu, Mama. Bega tu."

Siku nyingi hakuweza kusimama usiku kuswali. Sasa anasimama, juu ya mswala wako uleule. Mama naye halali. Akiona sijda imerefuka anajikokota mpaka sebuleni, anamgusa bega, na Maulida anatikisa vidole kuonyesha kwamba yupo. Ndipo Mama anarudi kitandani.

Jumapili asubuhi tutazuru kaburi lako Marui, na kisomo kitakuwa hapa nyumbani baada ya Alasiri. Ndugu, jamaa na wateja wako wote wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Mwanajuma, wanao Bilali na Maulida, dada yako Hajira wa Marui, pamoja na wajukuu.

Kukusahau hatuwezi, Baba. Na Maulida muwie radhi: alikupisha kama ulivyomfundisha.